Uso wa Butoyi

Ujumbe ulifika Jumanne, saa nne asubuhi, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilipokuwa zimeanza kukauka mgongoni na sisi tunazigeuza. Simu ya kazi ilitetemeka mfukoni mwangu. Nilijifuta mikono kwenye kitenge, nikasoma.

Mtandao tunaotangazia samaki ulikuwa unabadilisha mitambo yake. Kurasa zote za biashara zilikuwa zinahamishwa kwenye mfumo mpya, na kila mmiliki alitakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye kweli kwa kuonyesha uso wake mbele ya kamera. Tulipewa siku kumi na nne. Ukurasa ambao mmiliki wake hatajitokeza ungefutwa, pamoja na picha, video na ujumbe wote uliomo.

Chini kabisa paliandikwa jina la mmiliki: Butoyi.

Butoyi tulimzika mwezi wa tatu.

Bukuru na Butoyi ni dada zangu, mapasa, yaani mapacha. Mimi ndiye niliyezaliwa nyuma yao, kwa hiyo naitwa Ciza. Kwetu majina hayo hayachaguliwi, mtoto anazaliwa anayakuta yanamsubiri. Walianza kuuza ndagala na mukeke, samaki mwingine wa ziwa letu, bandarini Kalundu kabla sijamaliza shule ya msingi. Miaka sita iliyopita Butoyi alifungua ukurasa kwa namba yake ya simu, akauita Mapasa wa Kalundu. Kila asubuhi mitumbwi ikisharudi walisimama bega kwa bega mbele ya vichanja, mimi nikiwa nimeshika simu. Butoyi ndiye aliyeanza kila sentensi.

"Ndagala ya leo..."

Na Bukuru akaimalizia: "...imetoka mu maji sasa hivi, haina muchanga!"

"Mwenye iko Bukavu..."

"...atume mapema, gari haingojake muntu!"

Watu waliipenda namna hiyo. Walituandikia kutoka Sange, Lubarika, Bukavu, na hata wale waliohamia mbali, ambao hawanunui kitu, wanataka tu kusikia watu wa kwao wakiongea.

Mimi nimesoma informatique ya biashara, mambo ya kompyuta, hapa hapa Uvira, lakini nilikuwa sijaonekana kwenye ukurasa huo hata mara moja. Nikitazamwa na watu watatu kwa pamoja, ulimi wangu unakuwa mzito. Mahali pangu palikuwa nyuma ya simu.

Homa ilimchukua Butoyi kwa siku nne. Katika ukoo wa mama yetu, pasa mmoja akifa hakuna anayelia. Hakuna matanga, na hakuna anayetamka kwamba amekufa. Watu husema amevuka kutafuta chumvi, kama wazee wa zamani walivyovuka ziwa kwenda kuitafuta ng'ambo, na baadhi yao walirudi. Ukimlilia kwa jina yule aliyekwenda, yule aliyebaki atasikia kwamba na yeye anaitwa, naye atafuata. Basi tulimzika Butoyi kwa macho makavu, asubuhi moja ya mvua, na kesho yake Bukuru alikuwa kwenye vichanja. Kwenye ukurasa hatukuandika neno. Bukuru alisimama peke yake mbele ya simu, akaacha kimya cha kutosha nusu sentensi, kisha akasema: "...imetoka mu maji sasa hivi, haina muchanga."

Wateja walidhani simu yetu inakata sauti. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa nilikaa juu ya gunia na ule ujumbe wa mtandao mkononi. Fomu ilikuwa na kisanduku kidogo pembeni: mmiliki amefariki. Ukikiwekea alama, unaombwa kutuma hati ya kifo. Kidole changu kilikaa juu ya kisanduku kile mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Niliogopa jambo moja tu, kumpoteza Bukuru naye. Ukurasa ukifutwa, sauti ya Butoyi ingefutika, na sauti ile ndiyo iliyokuwa inamlisha Bukuru. Kila siku saa sita mchana alikaa kivulini, waya za kusikilizia masikioni, anatazama video za zamani huku anakula. Siku ambayo mtandao ulikosekana, hakugusa sahani. Na nikiweka alama kwenye kile kisanduku, nitakuwa nimetamka lile neno mimi mwenyewe.

Nilikwenda Mulongwe kwa Mama Mukubwa Marie, dada mkubwa wa marehemu mama. Nilimkuta anapepeta mchele mbele ya mlango.

"Mashini ndiyo inataka kumuona Butoyi?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Iambie amevuka chumvi."

"Haisikiake vile. Iko na maneno mbili tu. Muntu iko, ao amekufa."

Alipiga ungo kwa kiganja, mchele ukaruka. "Shiii! Usitoe ile neno hapa kwangu! Weye kinywa chako hakifungukake mwaka muzima, siku yenye kinafunguka ndiyo kinatoa ile! Masomo yote ile, haukufundishwa kunyamaza?"

Nilijua kunyamaza vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Alipepeta kidogo, akatulia. "Mapasa iko na uso moja," alisema. "Bukuru aonyeshe uso. Mashini itajua nini? Imewazaa yeye?" Akacheka kwa utani wake mwenyewe, na mimi nikacheka kwa sababu nilihisi nimetuliwa mzigo. Sikujiuliza ni mzigo gani niliokuwa nimeubeba, wala ninaupeleka kwa nani.

Jumatano saa mbili asubuhi nilimsimamisha Bukuru kwenye mwanga mzuri, mgongo kwa ziwa. Nilimweleza. Alisikiliza, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri zaidi. Kwenye kioo ulitokea mduara, na uso wake ukajaa ndani ya mduara. Geuka kushoto. Geuka kulia. Fumba macho. Fumbua. Niliogopa kovu. Butoyi alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, ndoana ilimkwaruza akiwa mtoto, Bukuru hana. Lakini mduara ulizunguka bila kusita.

Kisha yakatokea maandishi ambayo sikuyategemea: Sema jina lako.

Bukuru alinitazama. Mimi nikatazama mchanga.

"Ninaitwa Butoyi," alisema.

Nimeishi na sauti zile mbili tangu kuzaliwa. Hata zikiwa nyuma ya ukuta nazitofautisha. Ya Butoyi ina mchubuko kidogo mwishoni, kama kitambaa kinachochanika. Sauti iliyotoka pale mbele ya vichanja ilikuwa na mchubuko ule.

Mduara ukawa kijani. Asante, Butoyi. Tumekutambua.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, yaya," nilimjibu dada yangu.

"Inasema nini?"

"Inasema asante."

"Inasema asante nani?"

Bukuru alinyoosha mkono, akachukua simu, akasoma mwenyewe. Alitabasamu polepole, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali na hana hakika bado.

Kesho yake asubuhi tulirekodi kama kawaida. Nilihesabu kimyakimya, nikingoja ile nusu ya sentensi isiyo na mtu. Lakini Bukuru alifungua kinywa mara moja.

"Ndagala ya leo..."

Akaishia hapo. Aligeuza shingo kulia kwake, mahali pasipo na mtu, akangoja. Upepo ulipita juu ya samaki.

"Mwenye iko Bukavu..." alisema tena, na akangoja tena, uso umejaa furaha.

Kisha akanigeukia. "Umekamata vizuri?"

Kufikia adhuhuri video ile ilikuwa na maoni mengi kuliko yoyote ya mwaka ule. Butoyi amerudi! Butoyi ulikuwa wapi, tulikutamani! Sasa yule mwingine ameenda wapi?

Ijumaa, akaunti ya Bukuru mwenyewe, ile yake ya kibinafsi, ilikataa kufunguka. Niliijaribu mara tatu. Mtandao ulijibu kwa upole uleule: uso huu tayari una akaunti, hairuhusiwi mtu mmoja kuwa na majina mawili. Niliomba ukaguzi. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Akaunti ya ziada imeondolewa.

Niliingia kwenye albamu za ukurasa. Mfumo mpya ulikuwa umepitia picha zetu zote na kuandika majina juu ya nyuso. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, mapasa wamevaa sare: Butoyi, Butoyi. Bandarini wamebeba beseni moja kwa mikono minne: Butoyi, Butoyi. Katika picha moja Bukuru alikuwa peke yake, na mimi ndiye niliyempiga, nakumbuka hata siku. Butoyi. Nilifuta jina moja moja, nikaandika Bukuru. Kila nilipotoka na kurudi, nilikuta yamerudi kama yalivyokuwa.

Sikumwambia. Nilimletea viazi na mukeke, akala vizuri, nikajidanganya kwamba hilo ndilo la maana.

Jumatatu alinipigia Mathieu, mwenye depo ya mchele Sange, mteja wetu tangu mwanzo.

"Ciza, mutoto muzuri. Mwambie dada yako Butoyi nimepata message. Alhamisi nitakuwa hapa, akuye tu."

"Message gani, papa?"

"Ile ya asubuhi. Anasema Alhamisi anakuya, nimuwekee mchele ile ya muzuri, na nisimupatie ile ya kuvunjika kama mara ya mwisho. Hahaa! Bado hajasahau ile mchele! Ule mwanamuke anashika neno kama kupe."

Nilifungua ukurasa. Ujumbe ulikuwepo, umetumwa saa kumi na mbili na dakika saba, saa ambayo simu ya kazi ilikuwa kwangu na mimi nilikuwa naosha uso. Haukuandikwa na Bukuru. Uliandikwa na msaidizi. Mfumo mpya ulikuja na kitu hicho: kinajibu wateja chenyewe, na kinajifunza namna ya kuongea kutokana na ujumbe wa zamani wa mmiliki. Miaka sita Butoyi alimwandikia Mathieu kila wiki, na kila Alhamisi alikwenda Sange kuleta mchele. Msaidizi alikuwa amekusanya maneno yake na kuyashona upya. Nilijua kinavyofanya kazi, nilikuwa nimekisoma chuoni. Kujua hakukunisaidia kitu. Nilisoma "nisikute ile ya kuvunjika, papa, nitakuchapa", nikaisikia sauti yake.

Kukizima kulihitaji uso wa mmiliki. Nilimfuata Bukuru kwenye vichanja.

"Yaya, nionyeshe uso kidogo, tuzime ile kitu inajibu bateja."

"Juu ya nini tuizime? Niko nawajibu vizuri."

"Si weye unajibu."

"Ni nani basi?" Aliuliza bila hasira, anageuza ndagala kwa vidole vya mkono wa kushoto. Butoyi ndiye aliyekuwa wa mkono wa kushoto.

Alhamisi niliamka nikakuta amekwisha kwenda. Alirudi alasiri na gunia la mchele juu ya pikipiki, amevaa kitenge cha bluu cha Butoyi, kile tulichokifungia sandukuni. Bukuru hajawahi kwenda Sange kununua mchele. Hata mtaa wa depo haujui.

"Mathieu anakusalimia," alisema. "Amenipa chai. Amesema nimekonda."

Nilimsaidia kushusha gunia. Niliita, "Bukuru."

Alikuwa amenipa mgongo, anafungua kamba. Hakugeuka.

"Yaya Bukuru."

Kamba ilifunguka. Alichota mchele kiganjani, akautazama punje kwa punje.

Sikutaka kusema nilichosema. Nilikisema taratibu, karibu kwa pumzi tu. "Butoyi."

"Eeh?" aliitika mara moja.

Nilimzunguka, nikamtazama usoni. "Bukuru iko wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayeuliza swali ambalo watu wazima wamekubaliana kutolijibu.

"Bukuru amevuka kutafuta chumvi," alisema.

Asubuhi iliyofuata nguo zote za Bukuru zilikuwa juu ya mkeka uani, zimekunjwa na kugawanywa mafungu, kama tunavyogawa nguo za mtu baada ya mazishi. Chérie, jirani yetu wa vichanja, alipita amevaa kitenge chekundu cha Bukuru.

"Usiniangalie vile, Ciza, sikuiba!" alinitania. "Dada yako mwenyewe amenipatia. Amesema mwenye nguo hataihitaji tena. Ni nani alisafiri?"

Pale uani, sahani ya Bukuru ilikuwa imelazwa kifudifudi. Yeye alikaa kando yake na hakula. Hakula asubuhi, hakula mchana. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwamba chakula cha nyumba hii kilikuwa cha watu wawili, na mmoja yuko njiani na mwingine hayuko hapa. Sikuelewa ni yupi alikuwa yupi. Niligusa mkono wake. Jua lilikuwa limempiga tangu asubuhi mpaka saa saba, na mkono ulikuwa baridi kama beseni lililolala na maji.

Nilikimbia Mulongwe. Mama Mukubwa Marie alinisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakutania.

"Amesema mwenyewe? Kwa kinywa chake? Ya kwamba Bukuru amevuka?"

"Ndiyo."

Aliketi kizingitini. "Pasa akijisemea vile, ameisha weka muguu moja mu mutumbwi." Alitazama viganja vyake. "Minye ndiye nilisema aonyeshe uso."

"Tufanye nini, mama mukubwa?"

"Sijue," alisema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Nilirudi kwa miguu, njia ndefu ya kando ya ziwa, pale ambapo maji yalikula barabara na watu wakatengeneza nyingine. Nilikuwa nawaza amri ya ukoo. Tusilitamke jina la aliyekufa kwa kilio, ili aliyebaki asidhani anaitwa. Lakini sasa watu elfu kumi na moja walikuwa wanamwita Butoyi kila siku, kwa mioyo myekundu na vicheko, na mashine ilikuwa inaitika. Jina ambalo hakuna aliyeliita tena lilikuwa la Bukuru. Kama jina lina nguvu ya kumvuta mtu kwenda, nilijiambia, lazima liwe na nguvu ya kumvuta arudi. Sikuwa na hakika. Ningeweza kuwa ninamuua. Lakini nikinyamaza atakwenda, na nitakuwa nimemtazama akienda.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilibandika simu kwenye mti wa kichanja, nikaigeuza kamera upande wangu, nikabonyeza kurusha moja kwa moja. Bukuru alikuwa amekaa hatua kumi nyuma yangu, kwenye kichanja cha mwisho kando ya maji, amenipa mgongo.

Niliona uso wangu kwenye ukurasa ule kwa mara ya kwanza. Pembeni, namba ya watazamaji: tisa. Arobaini na moja. Mia mbili.

"Ninaitwa Ciza," nilisema, na sauti ilikatika. Nilianza upya. "Ninaitwa Ciza. Ni minye nilizaliwa nyuma ya mapasa. Nilikuwaka nashika simu hapa, hamukuniona."

Huyu naye ni nani? aliandika mtu. Mutoto, rudisha simu ya bantu! aliandika mwingine, na vikaragosi vya kucheka. Tunataka Butoyi!

"Butoyi amekufa," nilisema. "Alikufa mwezi wa tatu, siku ya tano. Tulimzika. Hatukuwaambia. Mwenye muliona kwenye video ni Bukuru."

Vicheko vilisimama. Kisha jina la Mathieu: Ciza, unasema nini? Butoyi alikuwa hapa kwangu juzi, amekunywa chai.

"Papa Mathieu, yule alikuwa Bukuru."

Wakaanza kuandika pole. Moja, tatu, kumi. Pole sana familia. Mungu amulaze pema. Na chini ya kila pole, kabla sijamaliza kuisoma, ukurasa wetu wenyewe ulikuwa unajibu. Mapasa wa Kalundu: Asante papa! Minye niko hapa. Mapasa wa Kalundu: Niko mama, unataka gunia ngapi? Mapasa wa Kalundu: Ndagala ya leo... Mapasa wa Kalundu: Ndagala ya leo... Mapasa wa Kalundu: Ndagala ya leo... Sentensi ilijirudia chini ya kila jina, haikumalizika hata mara moja, kama mtu aliyesimama mlangoni anayengoja mwenzake atoke.

Nyuma yangu nilisikia kichanja kikilia. Bukuru alikuwa amesimama. Midomo yake ilikuwa inatembea, anatafuta neno linalofuata. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga maji.

Nilichomoa simu kwenye mti. "Mwenye anamujua Bukuru," nililia kwa kamera, na haya zangu zote zilikuwa zimekwisha, "aandike jina lake! Si ya Butoyi! Andikeni Bukuru! Bado iko muzima, mumuite!"

Kisha Mathieu: Bukuru. Mtu wa Lubarika: Bukuru. Chérie, aliyekuwa amesimama vichanja vitatu kutoka kwangu na simu mkononi, hakuandika; aliita kwa sauti, "Bukuru weee!" na wanawake wengine wakaitikia bila kujua ni kwa nini. Majina yalipanda kwenye kioo kwa kasi ambayo msaidizi hakuweza kuyafuata. Nilimfuata Bukuru majini, nikamwekea simu mbele ya macho.

"Soma, yaya."

Alisoma. Alisoma muda mrefu. "Banamuita nani?"

"Weye."

"Na Butoyi?"

"Amekufa, yaya."

Alipandisha kidole juu ya nyusi ya kushoto, akapapasa. Alipapasa tena. Ngozi pale ilikuwa laini.

Kilio kilichomtoka kilikuwa cha miezi sita. Alimwita Butoyi kwa jina, mara nyingi, kila kilichokatazwa alikifanya pale kwenye maji yanayofika magotini, na mimi nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili kwa sababu niliogopa asije akafuata sauti yake mwenyewe. Chérie alikuja, akamshika upande wa pili. Mama Mukubwa Marie, ambaye alikuwa amekuja kutuangalia kwa sababu hakupata usingizi, alitokea juu ya ukingo, akasikia jina linaloliliwa, akasimama kama aliyepigwa. Nilifikiri atatulaani. Alivua kitambaa cha kichwa, akakaa mchangani, naye akalia. Watu walipomuuliza baadaye, alisema mtu wa kufungua kinywa katika jambo lile alikuwa ni yule aliyezaliwa nyuma ya mapasa, na kama amekosea, makosa yatakuwa ya ukoo mzima. Ndagala za siku ile zililiwa na kunguru.

Kisha homa ikamjia Bukuru. Ilianza jioni ileile, na siku ya nne, ile iliyomchukua Butoyi, hakuna mtu nyumbani aliyelala. Siku ya tano Bukuru aliomba maji. Siku ya tisa aliketi, akageuza ile sahani, akauliza kuna nini cha kula.

Hati ya kifo niliituma mimi. Mtandao ulituma pole, ukaufunga ukurasa, ukaweka ua jeupe juu ya picha. Msaidizi akanyamaza. Video zimebaki, lakini Bukuru bado hajaziomba, na mimi sijamkumbusha. Tumefungua ukurasa mwingine kwa namba yangu, na kila asubuhi ninasimama mbele ya kamera mwenyewe, nikigugumiza, nikitaja samaki wa siku.

Kitu kimoja hakijarudi mahali pake. Bukuru akiinua simu mbele ya uso wake kufungua akaunti mpya, mduara unazunguka, unasimama, na maandishi yanatokea kwa upole uleule kwamba mwenye uso huu amefariki. Nimeandika barua nne. Wamejibu kwamba wamehakikisha.

Mama Mukubwa anasema tungoje mwaka utimie ndipo tujue kama tumemuokoa. Ninangoja. Kila asubuhi ninapofungua mlango wa chumba chake ninamwita. Anageuka, kila siku anageuka, namshukuru Mungu. Lakini majina yao mawili yanaanza sawa, na kabla sijamaliza lake, Bukuru anautazama mdomo wangu, anangoja kuona ni lipi litakalotoka. Kwa muda ule mfupi, uso wake si wa mtu yeyote.